Kopo la Mchina

Makoroboi, saa tisa, jua limelalia mabati.
Mimi na bisibisi, lenzi ya kukuzia jichoni,
na Limi chini ya meza, sare ya shule bado mwilini,
anapanga betri zilizovimba kama anajenga nyumba.

Nilikuwa namwambia mteja kwa sauti ya kazi,
sauti ile ninayoivaa kama aproni:
"Hii Mchina, kaka. Haimalizi mwezi.
Nikuwekee ya ukweli, au unataka turudi hapa Jumatatu?"
Nikaitupa koponi.
Kopo la rangi, lita nne, nimeliandika kwa mkono wangu
MCHINA,
na humo huingia kila kilichokufa mapema:
chaja, spika, vioo, maiki zisizosikia.

Mteja akacheka, akalipa, akaenda.
Limi akachomoza kichwa.
"Baba, Yutong atakufa lini?"

Yutong wa darasa la pili B,
ambaye baba yake hununua mabondo ya sangara kule Mwaloni,
ambaye Limi amemfundisha kuhesabu kwa Kisukuma,
imo, ibili, idatu,
na ambaye karanga ikibaki moja huipasua kwa meno
ili kila mtu apate upande.

"Nani kasema anakufa?"
"Wewe."
Hakulia. Aliuliza kama anavyouliza bei ya barafu.
"Umesema Mchina hamalizi mwezi.
Alihamia tarehe mbili. Leo ishirini na tisa.
Nimempa rula yangu na kifutio.
Nimemwambia asirudishe."

Nikachomoa waya ukutani.

Nikiwa na umri wake, mama alinipitisha mtaa wa Rufiji
amenishika kwapa: "Nyamaza. Ukilia nakuuza kwa Mhindi,
akutie kwenye gunia la choroko."
Duka la mzee Jivraj. Mlango wa bluu,
harufu ya bizari na mafuta ya taa.
Miaka mitatu nilipita pale nimebana pumzi.
Siku moja aliniita, akatoka hadi kizingitini,
nikatimua mbio mpaka mto Mirongo.
Kumbe nilikuwa nimedondosha kandambili.
Aliitundika kwenye msumari wa mlango,
ikakaa pale masika na vuli.
Sikuifuata. Mama alinichapa kwa kupoteza kiatu,
na kila tulipopita, kiatu kilituangalia.

Mama hakumchukia Mhindi. Alikuwa na haraka.
Mimi sikumchukia Mchina. Nilikuwa nauza.
Haya hayana daftari, hayana mwalimu wa zamu;
yanadondoka mezani kama risasi ya moto,
na chini ya meza kuna mtu.

Nikachukua kiwembe, nikakwangua kopo.
M ikatoka, na nusu ya C. Zilizobaki zilikuwa zimeingia kwenye bati;
ukiligeuzia jua bado unasoma.
"Sasa linaitwaje?"
"Kopo."
"Kopo la nani?"
"Langu."
Akalitazama, akanitazama.
"Kwa hiyo Yutong hafi?"
"Hafi, mwanangu. Mwezi ujao yupo, na ule mwingine."
"Basi nikamwombe rula yangu?"
"Rula mwachie."

Hilo hakulipenda. Alirudi kwenye betri zake amenuna,
na mimi nikabaki na unga wa rangi kwenye kucha,
nikijaribu kukumbuka mengine niliyoyasema wiki hii
juu ya nani, na nani alikuwa wapi.

Akaja dada mmoja, anahema, anatokea Igogo kwa miguu,
kioo cha simu kimepasuka kama kiganja cha bibi.
"Fundi, niangalizie vizuri," akasema,
"isije ikawa Mchina hii."

Chini ya meza,
betri zikaacha kupangwa.