Nyani Aliyeuza Tiketi

Darasa la sita, mteremko wa Kadutu.
Mvua inaingia kwa tundu tatu za bati
na mimi, Mwalimu Cirhuza, chaki imelowa,
naandika ubaoni: Kwa nini binadamu hucheka?

Wa kwanza alisema: hucheka aliye juu
akimwona wa chini.
Nikauliza, "Juzi aliteleza nani
kwenye ngazi za sokoni, na beseni la sambaza?"
Darasa likalipuka. "Mama Nsimire!"
Wakaiga mikono yake, samaki wakaruka tena hewani.
"Basi," nikasema, "mmeelewa."
Sikusema kwamba nami nilicheka
kabla sijainama kuokota.

Wa pili alisema: kicheko ni mlango
unaofungukia upande usioutarajia.
Wa tatu: ni mvuke, ni sufuria ya maharagwe;
usipoinua kifuniko, povu litazima mkaa.
Hapo Mugisho, dawati la nyuma, akanyosha kidole:
"Mwalimu, na anayejicheka mwenyewe
yuko juu ya nani?"

Kengele ikaniokoa.

Jumamosi usiku, ukumbi mdogo wa Nyawera,
jenereta inakohoa nje, mimi niko kwenye taa.
"Mshahara wangu," nawaambia, "ni kama Mungu:
sijauona, ila kila mwaka
nafundisha hoja tano za kuwepo kwake."
Mbavu zinavunjika. Naongeza miguu yangu,
myembamba hata matope yanaihurumia,
yananiangusha polepole.
Naongeza mke aliyerudi kwao Walungu:
alibeba sufuria, akaniachia kifuniko.

Wanasema nyani haoni kundule.
Mimi ndiye nyani aliyeliona,
akaliwashia taa, akauza tiketi.
Faranga elfu mbili. Wanafunzi, nusu.

Ujanja wenyewe ni huu: penye utelezi
tangulia kuanguka,
uchague pa kuangukia.
Anayekuja kukusukuma atasukuma hewa.

Jumamosi iliyopita mama alikuja.
Mstari wa mbele, kitenge cha Pasaka,
mkoba juu ya magoti.
Nilianguka, nikainuka, nikaanguka vizuri zaidi,
ukumbi mzima ukafuta machozi,
naye ananitazama
kama mtu anayehesabu chenji.

Tulirudi kwa ngazi, umeme umekatika.
Alinishika kiwiko.
"Cirhuza, yule kijana unayemtukana kule mbele ya watu,
nilimbeba mgongoni kutoka Kaziba,
siku mbili, ana surua.
Ruhusa ulipewa na nani?"

Nikamtafuta wa kwanza, wa pili, wa tatu.
Hakuna aliyekuwa amepanda Kadutu usiku.
"Mama, ni mchezo tu."
"Mchezo naujua. Hata Nsimire alicheka
alipoanguka. Alicheka kuwazidi nyote.
Mlipokwisha kuondoka nilimwona
akipapasa chini ya ngazi
samaki mmoja mmoja, anampuliza mchanga,
anamrudisha."

Hatukusema tena.
Halafu chini kabisa, penye mfereji,
mguu wa mama ukaenda wenyewe.
Akakaa matopeni, kitenge cha Pasaka na mkoba,
kiatu kimoja kikashuka na maji kuelekea ziwani.

Aliniangalia.
Nilimwangalia.

Mvua ilikuwa inaanza, na mimi,
mwenye hoja tatu na tiketi zilizokwisha,
nilisimama nimeunyosha mkono,
mdomo nimeubana,
nikisubiri nani aanze.