Matanga Matatu

Sheria imebandikwa mlangoni, karatasi ndani ya nailoni:
mbao mbili, matanga matatu, mapezi manne.
Usajili unafungwa saa tatu kamili.
Baada ya hapo hakuna kubadili, hakuna kuazima,
hata tanga lichanike, hata mbingu igeuke.

Odile Barthas ana matanga manne.

Ameyalaza kwenye mchanga wa La Franqui,
kila moja limekunjwa kama mkeka wa mgeni:
saba nukta nane, saba kamili, sita nukta mbili,
na lile dogo, tano nukta sita,
lenye kiraka cha rangi ya chungwa pale goti lake lilipopenya
mwaka ule wa Februari mbaya.
Ana miaka arobaini na mitatu, na kahawa iliyopoa.
Ana kilo hamsini na tisa, akishaloa.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kuuma.
Tanga linalomtosha Maude, mwenye mabega ya mbeba magunia,
upepo ukivuma litamtupa Odile ng'ambo ya boya
kama shuka iliyong'oka kambani.
Na linalomfaa Odile upepo ukivuma
litamwacha amesimama ukilala,
akipunga, akipunga,
kama mtu anayefukuza ndege shambani.

Redio inasema tramontana itashuka milimani adhuhuri.
Simu inasema kesho.
Bendera ya muuza chaza haisemi kitu, inajikuna tu.

Aache lipi?
Akiacha la kati, pengo linabaki,
mita moja na nusu ya pengo,
na mtu mzima anazama humo bila kelele.
Akiacha dogo... anapapasa kiraka. Haachi dogo.
Thibaud, kijana wa miaka kumi na tisa, kashamaliza:
makubwa mawili na moja la katikati.
"Upepo ukivuma," anasema, "nitavumilia."

Katika lugha ninayoandikia,
matanga ni nguo za upepo na ni siku za kulia.
Odile hajui. Mimi najua, nacheka kidogo, nanyamaza.

Saa tatu kasoro dakika nne.
Karani ana mafua na stika za buluu.
Odile anasukuma mbele yake saba, sita mbili, tano sita.
Saba nane inarudi garini,
nyuma, juu ya tairi la akiba.

Upepo ukaja saa saba, ila si ule.
Ulitoka baharini, mnyonge, mbichi, wenye harufu ya magugu,
upepo wa kuanikia soksi.
Honi ikalia. Mbao nane zikaelekea boya la kwanza
na yake ikakataa kupanda juu ya maji,
ikalima, ikalima, tumbo likiburura
huku Maude akipita kulia, Thibaud kushoto,
halafu wengine ambao hakuwatazama majina.
Wanne wanasonga mbele. Yeye wa saba.
Kwenye zamu ya boya la tatu aliliona gari lake ufukweni,
na nyuma ya kioo, begi jekundu.

Jioni, medali zikiwa shingoni mwa wenyewe,
tramontana ikashuka.
Viti vya plastiki vikatimka, hema la karani likapiga magoti,
watu wakakimbilia kamba na mawe.
Odile akakaza tano sita mpaka mlingoti ukakunjamana,
akaingia majini pekee yake.
Hakuna mashua, hakuna saa.
Kiraka kilikwenda na kurudi, kilikwenda na kurudi,
cheche ya chungwa kwenye maji meupe,
na stika ya buluu ikibanduka pembe moja.

Usiku, kwenye daftari lake la mraba, aliandika:
*Adhuhuri. Wa baharini. Kilomita 19 kwa saa. Pungufu 0.8.*
Mstari wa chini:
*Jioni. Kilomita 58. Tano sita. Sawasawa kabisa.*
Akatia kalamu mdomoni.
Kesho kuna mbio nyingine, Port-Leucate, sheria ile ile.
Akaandika namba tatu, akakata moja,
akaiandika tena.