Anzia Kasha la Tatu

Usianze na ramani. Wote huanza na ramani,
wakapotea kabla ya mto wa kwanza.
Mjomba Idwal alichora milima akingoja birika lichemke;
mingine ni madoa ya chai yenyewe.

Kasha la kwanza ni nasaba za wafalme,
aliziandika ili asiandike hadithi.
La pili wamelila panya, nao hawakubagua.

Anzia la tatu.
Mvua ya Dolgellau imelainisha kingo,
fungua taratibu, kama unamvua mgonjwa soksi.
Humo joka hana jina bado.
Ukurasa wa tisa anaitwa Joka, wa kumi anaitwa Yule,
wa kumi na moja jina limekatwa mara nne
kwa kalamu iliyotoboa karatasi,
na pembeni: Muulize Mererid.

Mererid ni mimi. Hakuniuliza.

Wachapishaji wa Cardiff wanataka niyafute maneno hayo,
eti yatawachanganya wasomaji.
Nimekataa majira mawili ya baridi,
jiko la makaa likikoroma.

Jina ninalo, tangu nina miaka saba.
Halimo kasha lolote.

Haya, nawa mikono.
Na kikombe chako kiache dirishani.