Ukuta wa Murmani

Mwezi wa pili, theluji ingali imekalia paa,
shindi huwa umeshachanua.
Jani hata moja hauna. Ni maua tu, ya manjano, madogo kama chembe za mtama,
yamejazana kwenye tawi kavu
kana kwamba mtu amewasha kuni mbichi
na kuni zikakubali.

Marehemu Bidzina aliifukia kokwa kwa mkono wake.
Ikalala udongoni majira mawili ya baridi
nami nikimcheka: umezika jiwe, mume wangu.
Ikachipua. Ikakaa miaka minane bila tunda,
mwaka wa tisa mti ukatoa bakuli moja,
mekundu, yenye ukakasi wa kukunja uso.
Tuliyala kwa adabu.

Baada ya hapo ukazaa kwa fujo.
Kila mwezi wa tisa nilitandika shuka kuukuu chini yake,
maana shindi hauchumwi, unasubiriwa:
tunda likiiva hujiangusha lenyewe,
lile ulilolivuta litakulipiza ulimini.
Nikapika mchuzi, nikaanika rojo juani hadi likawa ngozi,
nikajisifu Racha nzima:
ni mikono yangu hii, ni samadi ya mbuzi wangu.

Kisha Murmani akaukata wa kwake.

Tulikuwa na ugomvi wa hatua moja na nusu ya ardhi,
ugomvi tulioupokea kwa baba zetu ukiwa mzima, haujachubuka,
na matawi yake yalivuka ukuta.
Nilimwambia ayapunguze. Yeye akaleta shoka.
Mti ule ukiutia majini unazama kama chuma;
alipiga tangu alfajiri hadi ng'ombe wakarudi,
akachonga mipini mitatu,
akaitundika pale nitakapoiona.

Mwaka uliofuata wangu ulichanua kuliko miaka yote.
Nyuki wakaja, wakazunguka, wakaenda zao.
Mwezi wa tisa nikatandika shuka.
Nikakunja shuka.

Miaka miwili hivyo, ndipo nikapanda basi hadi kitaluni kwa Lamara.
"Mmoja haujitoshelezi," alisema, akikata kamba kwa meno.
"Unataka chavua ya mwenzake, na mwenzake awe wa aina nyingine.
Jirani yako ana upi?"
Nikatazama viatu vyangu.

Akanitembeza. Huu tunda lake lina shingo kama pea,
zuri kwa macho, kokwa kubwa, utakula mbao.
Huu wa manjano ni mtamu, watoto wanaupenda,
ila mchuzi wake umepauka, wageni watadhani ni wa jana.
Huu huiva mapema na kupukutika wote kwa pamoja;
ukienda msibani siku tatu, umeukosa.
Na ule wa mwisho, wa kupandikizwa, mweusi wa damu ya mzee,
huchelewa hadi baridi ya kwanza,
lakini kokwa yake nyembamba, na mwaka wa nne utakula.

Mwaka wa nne. Nina sabini na moja.
Nikalipa.

Usiku nikauweka juu ya ukuta wa Murmani,
mizizi imefungwa gunia lililolowa,
bila salamu, bila karatasi.
Kwangu hapana jua la kutosha:
hilo ndilo jibu nililojiandalia endapo angeuliza.

Hakuuliza.
Asubuhi nilisikia jembe likila udongo upande wa pili,
na kwa jinsi lilivyogonga mawe bila kutetemeka
nikaujua mpini.

Nilipochungulia, alikuwa ameingia ndani.
Mche umesimama wima, umemwagiwa maji,
katikati kabisa ya ile hatua moja na nusu.

Nikasonya.
Kisha nikaenda zizini kuzoa samadi.