Mashine Iliyofukiwa Haneti

Walichimba nyuma ya zizi, kina cha kiuno,
wakamwaga zege, wakailaza mashine
taratibu, kama kibuyu cha maziwa.
Chidawali, kijana wa chuo, akaniambia:
Mama, kazi yako ni mbuzi tu, wasikanyage hapa.
Na paneli uifute vumbi.
Elfu arobaini kwa mwezi. Nikakubali.

Inasikiliza nini?
Akachukua kiazi cha kuchemsha, akakwangua ganda kwa ukucha:
Huku Chenene ganda la dunia ni nene, la kale,
lilitulia kabla nyasi hazijajua kuota.
Kule Hanang limechanika, moto ukapanda ufani.
Sisi tunatafuta unene unaishia wapi.
Ardhi ikipasuka mbali, hata ng'ambo ya bahari,
mawimbi yanapita chini ya shamba lako;
penye mwamba mgumu yanakimbia,
penye joto yanakokota miguu.

Hilo nalijua, nikasema.
Na mimi kwenye jua la Oktoba siendi mwendo wa Juni.
Kiazi akala.

Miezi minane nimefuta vumbi.
Kuna usiku vikombe viligongana kabatini
nikanong'ona gizani: umesikia?

Juzi amerudi na kompyuta.
Mstari mweusi, mrefu kuliko barabara ya Kondoa.
Haya manyoya ni lori za mchanga.
Huu mlima ni tetemeko, tumelipata zima, safi.
Na hii, kila alfajiri saa kumi na moja,
kama mishono ya mkono, sijui nini.
Nimeiita kelele. Huwa naichuja.

Ni mimi, nikamwambia. Natwanga uwele.

Akacheka kwa haya. Akasogeza mbele, akasimama.
Mwezi wa tatu, siku nne, mishono haipo,
halafu mchana kutwa wino umejaa tele.
Mlikuwa na mnada hapa?

Hapana. Hiyo ni miguu ya watu.
Walikuja kumzika Mbeleje, binti yangu.
Unga walileta wao, wa mashineni.

Siku ya tano, tazama: mshono mmoja.
Kimya.
Mwingine, mbali.

Chidawali hakusema kitu.
Kalamu yake ilikwama juu ya neno kelele.
Nje beberu alikuwa anasogelea shimo;
nikamtupia kokoto, ikaanguka pembeni,
na hiyo pia, nadhani, imeandikwa.