Sehemu Iliyoshika Mkia

Chinatsu, mjukuu wangu, amelala kifudifudi zuliani,
kalenda ya mwaka jana ameigeuza mgongo,
na kwa penseli nyekundu anazipanga
sehemu zote hamsini na mbili za Wimbi-Chuma,
kuanzia bora hadi hafifu,
kama mwalimu mkali siku ya kufunga shule.

Ya kwanza, anasema, ni ile ya arobaini na nane:
mnara unaporomoka, shujaa anaudaka kwa mkono mmoja.
Mnara ule ulikuwa wa maboksi, mama.
Kilichokuwa kizito ni kofia:
kilo sita,
na matundu mawili ya macho
yenye upana wa punje ya mchele.

Ya pili ni moto wa kiwandani.
Hapo naguna tu.
Moto haukuwa wa maboksi.
Nyuma ya goti langu la kushoto ngozi ingali inang'aa,
na alipokuwa mdogo alipenda kupagusa
akiuliza nani amepapiga pasi.

Uso anaoujua yeye ni wa Kuniyasu, kijana wa meno meupe,
aliyetokea vita vikiisha,
kofia kwapani, nywele zimechanwa.
Mimi wakati huo nilikuwa nyuma ya lori
namimina jasho kutoka kwenye buti.
Kikulacho ki nguoni mwako;
mimi nilikuwa ndani ya nguo yenyewe,
nayo ilikuwa ya mpira, na ilikuwa Agosti.

Ningezipanga kwa mwili, kama ningeulizwa.
Sehemu ya saba: kidole gumba.
Ya kumi na tisa: mbavu mbili, na kicheko cha daktari.
Ya thelathini sitaki hata kuitaja.

Lakini siulizwi. Penseli inateremka,
inateremka, hadi mkiani,
na mkia umeshikwa na ya thelathini na sita.
"Hii mbaya kabisa, Babu.
Dubwana ni lile lile lililokufa sehemu ya kumi na mbili,
wamelipaka kijani tu.
Na hawapigani! Dakika nne nzima
wanazunguka, wameegemeana,
kama walevi wawili wanaotafuta mlango."

Kweli. Fedha zilikuwa zimekwisha.
Rangi ilikuwa haijakauka.
Tulikuwa kwenye machimbo ya mawe kule Chichibu,
jua limesimama juu ya vichwa vyetu halina pa kwenda,
na kabla ya ngumi ya tatu
miguu yangu ikawa ya mtu mwingine.

Ndani ya dubwana alikuwamo Morishige,
mtoto wa muuza samaki wa Choshi.
Alinidaka chini ya makwapa kwa zile kucha za sponji.
"Isamu, usilale," alisema kupitia meno ya plastiki.
"Hesabu mawe. Hesabu chochote."
Nikahesabu. Akanizungusha
ili kamera isione magoti yangu,
akinguruma kila baada ya hatua chache
maana ngurumo ilikuwa kazini.
Filamu ilikuwa chache, hakuna aliyesema kata.

Kisha muswada ukamtaka afe.
Akanilaza kwanza, taratibu, kama mtu anayeshusha mayai,
akarudi nyuma hatua tatu,
akajipiga kifua,
akaanguka mwenyewe,
akalipuka peke yake.

Nilizinduka nikiwa na kijani mgongoni.
Kilikaa wiki mbili. Mke wangu alikisugua kwa mafuta ya taa,
akilaani dubwana.

Mwaka wa tisa huu Morishige hayupo.
Chinatsu anaramba ncha ya penseli.
"Wewe ungeipa ngapi?"

Nakumbuka nilipoishia: jiwe jeupe, lenye ufa.
"Mia na kumi na mbili," nasema.

"Hakuna namba hiyo, Babu,"
na anaandika hamsini na mbili,
anaikokotezea mstari,
anairudisha kanda mwanzo
ili anionyeshe ilivyo mbaya.