Herufi ya Mji Wangu

Ghorofa ya tatu, dirisha la malipo. Jina langu Sarangoo.
Mimi ndiye ninayeujua mshahara wa kila mgeni
kabla mwenyewe hajaujua.

Huanza na wa msingi, mmoja kwa dunia nzima,
unga kabla ya maji.
Kisha huja marekebisho ya kituo,
maana yai la Ulaanbaatar si yai la Geneva,
na yupo mtu anayetumwa na daftari kuyauliza mayai bei.
Mwaka jana nilimsindikiza: Anselm, kijana mpole.
Aliandika jibini ambayo mama yangu hajawahi kuionja,
akaipita nyama ya kondoo bila kugeuza shingo.
"Haimo kwenye orodha," aliniambia, kama anayeomba radhi.

Halafu ugumu. Ugumu una herufi:
A ukilala vizuri, E ukilala na buti.
Fomu huletwa, kurasa kumi na nne.
Hewa ikoje? Maji? Hospitali?
Upweke, kwa kipimo cha moja hadi tano?
Na mkuu wangu, Bwana Nesheim, huniita:
"Sarangoo, wewe ni mwenyeji, nisaidie."

Nikamsaidia.
Nikaandika moshi wa Januari, unaokaa bondeni
kama mgeni asiyejua kuaga.
Nikaandika nyuzi thelathini na tano chini ya sifuri,
kope zikigandana.
Sikuandika kifua kilichonifundisha kuuhesabu moshi:
mama, kule kilimani, mtaa wa mahema ya sufu,
anachochea makaa saa tisa usiku,
anakohoa, ananyamaza,
anakohoa,
nami kwa urefu wa kile kimya
najua kama kesho nitakwenda kazini.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliosema.
Hapa mgeni amekuja
na analipwa kwa ugonjwa wa mwenyeji.
Kikohozi cha mama kina bei, ila mpokeaji ni mwingine.
Mimi hulipwa kwa tugrik, ngazi ya wenyeji,
na ugumu, kwa aliyezaliwa ndani yake,
huitwa nyumbani.

Nisiseme uongo, si watu wabaya.
Nesheim alimnunulia mama mashine ya kusafisha hewa.
Inakoroma pembeni kama paka, umeme ukiwapo.

Na Bi Rosaura Condori wa chanjo, mtu wa Oruro:
mwezi Machi alikuja dirishani,
karatasi ya mshahara mkononi, kidole mahali patupu.
"Ximena yuko wapi?"
Posho ya mtegemezi. Nikamweleza kanuni,
jinsi mfumo unavyoufunga mstari wenyewe
usiku ule mtoto anapotimiza miaka ishirini na moja.
Alijua. Alitia saini miaka kumi iliyopita.
"Si fedha," alisema.
"Hapokei simu zangu. Hapa ndipo pekee
nilipokuwa nikilisoma jina lake kila mwezi."

Nikamchapishia tena karatasi ya Februari.
Kanuni hairuhusu nakala ya pili.
Aliikunja mara nne, akaitia mahali pa pasipoti.

Novemba kamati ikajibu.
Mji wenu umepata nafuu, hewa imepungua sumu;
tumewarudisha herufi moja nyuma.
Pongezi, waliandika, na makato yakaanza mwezi huohuo.
Ofisi nzima ikanuna. Watu walipiga hesabu kwenye lifti:
ada ya shule, mkopo wa nyumba huko Bergen,
na likizo ya mapumziko, ambayo nayo ingepungua.
Nesheim akasimama mlangoni pangu, koti bado mwilini.
"Uliandika nini, Sarangoo?"

Niliandika ukweli wa Januari, nikamwambia.
Huu ni ukweli wa Novemba.

Jioni nilipanda kilima.
Mama alikuwa nje ya hema, kitambaa amekishusha shingoni,
anachuja chai ya maziwa.
"Leo nauona mnara wa televisheni," akasema,
"mpaka ile taa yake nyekundu."

Nikakaa kando yake, tukautazama.
Sikumwambia umegharimu kiasi gani,
wala nani amelipa.